Je, Yafaa Kuvunja Masharti ya Mchezo?



Katika darsa yetu hapa Marereni, kijana mmoja aliuliza suala ambalo baadhi ya wazee walilicheka, nasi twaona halikustahiki kuchekwa. Alisema: "Maalim, michezo hii ya simu, kama Free Fire na PUBG, ambayo mtu hucheza na asiowajua kwa njia ya intaneti, ina masharti yake. Je, nikiyavunja nina dhambi, hali ya kuwa hapana mali iliyopotea?"

Hukumu ya kucheza kwenyewe hatukusudii kuieleza leo. Panapoingia pesa ya kubahatisha hiyo ni kamari, na aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida imekwisha kata shauri. Suala letu ni la masharti.

Mwenye kuingia mchezo huo huonyeshwa masharti, naye hubonyeza kuwa amekubali. Wengi hawasomi, walakini kutosoma hakumtoi mtu katika ahadi yake. Miongoni mwa masharti hayo ni kutotumia programu za siri zinazomlengea mchezaji shabaha, au kumwonyesha adui aliye nyuma ya ukuta. Na aya ya kwanza ya sura hiyo hiyo yawaamrisha walioamini kutimiza ahadi walizozifunga, wala haikubagua ahadi ya jirani na ya kampuni ya ng'ambo.

Kijana akajibu kuwa mchezo ule ni wa vita, na Mtume (s.a.w.) ameruhusu hila vitani. Hoja hii si dhaifu, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Basi mtazame mchezaji wa bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Akimwachia mwenziwe kete kama chambo, ili amle baadaye, hiyo ni hila, na barazani watu humsifu. Akificha kete kiganjani, huo ni wizi. Ile ya kwanza mwenziwe ajua kuwa yawezekana, na aweza kujilinda nayo. Hii ya pili hana la kufanya. Mwenye programu ya siri ni huyu wa kete ya kiganjani. Na kama hapana mali iliyopotea, imepotea jitihada ya aliyecheza kwa haki, na daraja yake ikapewa asiyeistahiki.

Tena hata vitani penyewe ahadi haikuvunjwa. Hudhaifa bin Al-Yaman na baba yake walikamatwa na Makureshi, wakaachiliwa kwa ahadi kuwa hawatapigana pamoja na Mtume. Ikaja Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), na Waislamu ni mia tatu na kitu tu. Mtume hakuwachukua, aliwaamrisha watimize ahadi waliyowapa makafiri. Kisa hiki amekipokea Muslim. Sasa yule asemaye kuwa kampuni ni ya watu wa mbali na yatunyonya, na atazame haja yake kama yafika haja ya siku ile.

Je, hapana sharti lifaalo kuvunjwa? Lipo. Katika kisa cha Barira, aliyenunuliwa na Bibi Aisha (r.a.) ili aachwe huru, mabwana zake walitaka sharti lisiloafikiana na sheria ya Mwenyezi Mungu, na Mtume akalibatilisha. Basi mchezo ukikukataza kuondoka kabla haujesha, na wakati wa sala wakaribia kutoka, au mama amekuita kwa dharura, ondoka. Michezo mingi humpunguzia alama mwenye kuondoka, au humzuia kucheza kwa muda. Ichukue adhabu hiyo bila ya kunung'unika, wala usizue uongo kuwa mtandao umekatika. Mvunjaji huyu huvunja dhahiri, na hasara ni yake; yule wa programu huvunja kwa siri, na hasara humtwika mwenziwe. (Na ajuaye kuwa mchezo waweza kuchukua nusu saa, akauanza adhana i karibu, amejitakia, na wenziwe amewadhulumu.)

Kijana akauliza la mwisho: aliyekwisha pata daraja kwa programu hiyo afanyeje? Tulimwambia aifute, aanze chini. Na kama alitwaa zawadi ya pesa katika mashindano, pesa zile si zake. Azirudishe kwa waliozitoa, nao wampe aliyestahiki.