Shule ya Serikali au ya Binafsi? Kabla ya Kununua Fomu, Hesabu Waliopotea Njiani

Desemba 2022 nilipigiwa simu kutoka shule ya binafsi aliyokuwa akisoma kijana wangu. Hakupiga mwalimu wa darasa wala mkuu wa shule. Alipiga mhasibu. "Mzazi, mwanao hajafikisha wastani wa shule. Mwakani mtafutie kwingine."

Kijana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha tatu. Wastani wake ulikuwa 47, shule inataka 50. Ada ya mwaka mzima tulikuwa tumeimaliza, na ili imalizike baba yake aliswaga dume mpaka mnadani, akaliuza kwa bei ambayo mpaka leo inamuuma. Mtoto huyohuyo alikuwa amefaulu upimaji wa kidato cha pili wa taifa. Serikali ilisema anafaa kuendelea, mhasibu akasema hafai.

Nilipanda gari nikaenda. Nikaambiwa ipo njia nyingine: abaki hapohapo bwenini, alipe ada ileile, ila mtihani wa kidato cha nne akaufanyie kituo kingine kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yaani ale ugali wao na kulipa fedha yao, lakini jina lake lisionekane kwenye matokeo yao. Nilikataa palepale, mbele ya wazazi wengine waliokuja kwa shida hiyohiyo. Siku hiyo foleni ya wazazi ilikuwa ndefu.

Nikarudi kwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata. Hakuniuliza wastani. Aliuliza namba yake ya usajili ya PREM, matokeo ya kidato cha pili, na kama kijana mwenyewe anataka kusoma. Akasema, "Mama, tuanze uhamisho mapema, usajili wa watahiniwa usije ukafungwa." Januari 2024 matokeo yakatoka: daraja la pili, pointi 20. Julai akaenda kidato cha tano shule ya bweni ya serikali, na ada hatulipi, kwa sababu serikali iliiondoa ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Niliyaprinti matokeo yale Sirari, huku kwetu mpakani. Nilitamani kumpelekea mhasibu, mume wangu akanizuia.

Tangu hapo wazazi wenzangu wa Susuni, Tarime, wananiuliza niliamuaje kuhusu mdogo wake. Nitaeleza kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni fedha, na sitakaa nayo sana kwa sababu kila mtu anajua mfuko wake. Shule ya serikali haina ada mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Na hata kabla ya hapo ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kinachobaki ni sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Binafsi, usiangalie ada peke yake. Soma ile karatasi ya mahitaji mpaka mstari wa mwisho: rimu, ndoo, jembe, fedha ya kambi, na sare "inayopatikana shuleni tu". Hiyo sare ya shuleni tu inanikera kuliko ada yenyewe. Sweta lilelile fundi wa Tarime mjini analifuma kwa bei ya mtu mwenye huruma. Viatu nanunua Isebania, ng'ambo ya mpaka, vile vya Bata vinavyoitwa Toughees. Mtoto anavivaa mpaka mguu unavizidi. Godoro chukua la Dodoma, usibishane na muuzaji.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Ukienda Sirari siku ya soko kuanzia Septemba, darasa la saba wakishamaliza mtihani, utakutana na vipeperushi. Kila shule imeongoza. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha kutangaza shule kumi bora, shule zinajitangaza zenyewe: "Daraja la kwanza asilimia mia!" Asilimia mia ya nani? Hilo ndilo swali. Shule ikiwaondoa wanafunzi wake dhaifu kabla ya mtihani, waliobaki watafaulu wote, na bango halitasema uongo hata kidogo.

Basi fanya hivi. Chukua simu yenye intaneti, ingia tovuti ya NECTA. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, tuseme ya 2021, utafute shule unayoifikiria. Kwenye ukurasa wake kuna jedwali la madaraja, wasichana na wavulana. Jumlisha kuanzia daraja la kwanza mpaka la nne. Waliopata sifuri waache, maana hao wanatakiwa kurudia kidato. Andika jumla hiyo. Sasa fungua matokeo ya kidato cha nne ya 2023, shule ileile, uone wangapi walikaa kwenye mtihani. Watoto ni walewale, miaka miwili baadaye. Pengo kati ya namba hizo mbili ni watoto waliopotea njiani.

Shule iliyomwondoa kijana wangu pengo lake lilizidi theluthi moja. Nilirudia kwa mwaka uliotangulia, pengo lilikuwa vilevile. Kuangalia mwaka mmoja hakutoshi, kwani watoto huhama kwa sababu nyingi za halali. Miaka miwili au mitatu mfululizo ndiyo inayoonyesha tabia ya shule. Tazama pia namba za vituo: watahiniwa wa shule huanzia na S, wa kujitegemea huanzia na P. Shule ikikwambia mtoto atafanyia mtihani kwenye P wakati anasoma kwao kila siku, umeshajua biashara iliyopo.

Shule za serikali nazo zina pengo, na nisingependa mtu afikiri ninazipamba. Nilipohesabu ya shule yetu ya kata nilishtuka. Nikampelekea mkuu wa shule namba zangu. Hakukasirika, alifungua daftari. Huyu kavuka kwenda Migori, Kenya, kufanya kazi. Huyu yuko Nyamongo kwenye mawe ya dhahabu. Huyu aliolewa, kesi iko kwa mtendaji wa kata. Huyu alijifungua, amerudi darasani kwa Waraka Na. 2 wa 2021. Kila pengo lilikuwa na jina na mahali alipo. Mhasibu wangu asingeweza kunitajia hata mmoja.

Hatua ya tatu ni kwenda shuleni kwenyewe, na swali ni moja tu: mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia wapo? Usiulize maabara, maabara bila mwalimu ni stoo. Kwetu mwalimu wa Fizikia alikuwa wa kujitolea, tukimlipa kwa michango ya wazazi, na kuna wazazi waliogoma kuchangia kwa sababu "elimu ni bure". Niligombana nao kwenye kikao na nitagombana nao tena.

Sasa nije kwa binti, yule mdogo wake. Alimaliza darasa la saba Septemba 2024. Mtu wa mbali haelewi maana ya 2024 kwetu. Kwa Wakurya, msimu wa tohara huangukia Desemba za miaka inayogawanyika kwa mbili, na ingawa sheria inakataza kumkeketa msichana tangu 1998, vikao vya ukoo bado hukaa, na wasichana bado wanakimbilia kituo cha hifadhi cha Masanga na kwingine. Mama mkwe wangu alianza kuhesabu miezi tangu Julai. Shule ya kata ilikuwa nzuri, lakini ni ya kutwa, na ingefunguliwa Januari. Mimi nilihitaji mahali kuanzia Oktoba.

Nilitafuta shule ya bweni ya wasichana, ya binafsi, nikahesabu pengo lake miaka mitatu: karibu wote waliofaulu kidato cha pili walifika kidato cha nne. Hawakuwa na asilimia mia ya daraja la kwanza. Walikuwa na daraja la tatu, na la nne pia, na ndiyo maana niliwaamini. Akaingia masomo ya prifomu wani, akakaa mpaka katikati ya Desemba, kisha mama yake mdogo akamchukua Musoma. Januari akaanza kidato cha kwanza akiwa mzima.

Fedha ilitoka wapi? Kwa kaka yake. Kwa kuwa kijana anasoma bure serikalini, ada yake ya zamani inalipa bweni la dada yake. Huku kwetu wengi hufanya kinyume: binafsi kwa mvulana, kutwa kwa msichana, na msichana ndiye anayetembea kilomita nyingi asubuhi na kurudi kwenye nyumba inayopanga kumwoza.

Wengine wananishauri Isebania, kwa ndugu zetu wa upande wa Kenya. Ni chaguo halali, ila cheti cha huko kitahitaji ulinganifu wa NECTA mtoto akirudi kusoma vyuo vya hapa, na mtaala wa Kenya uko katikati ya kubadilika.

Msimamo wangu ni huu: ada ipelekwe kwa mtoto ambaye kukaa nyumbani ni hatari zaidi kwake, na huyo mwingine aende serikalini kwa mkuu wa shule mwenye daftari. Mwaka 2026 nao unagawanyika kwa mbili. Mwenye binti wa darasa la saba mwaka huo aanze kutafuta bweni kabla ya Septemba, na asinunue fomu ya mtu yeyote kabla hajafungua zile kurasa mbili za matokeo.