Mdomo Usiwe Kifaa cha Kazi Shambani

Huku kaskazini ya Unguja, Kendwa na vijiji jirani, ardhi ni ya mawe. Anayelima nyanya, pilipili au matikiti hutegemea mashine ya petroli ya kuvuta maji na bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Mwezi huu tuzungumzie jambo dogo linalofanywa kwa vifaa hivi viwili, yaani kuvitia mdomo.

Kijana mmoja aliletwa wodini kwetu jioni. Asubuhi alinyonya petroli kwa mpira ili aihamishe kutoka kwenye dumu, funda likampita. Alikohoa, wenzake wakacheka, kazi ikaendelea. Aliporudi nyumbani mama yake, kwa mapenzi ya mzazi, alimnywesha maziwa kisha akamtia kidole kooni atapike. Alipotufikia alikuwa na homa na anapumua kama aliyetoka mbioni. Alipona, lakini baada ya siku nyingi za oksijeni.

Simlaumu mama yule. Wengi wetu tulifundishwa kwamba maziwa huua sumu. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni vyepesi sana, na hatari yake kubwa iko mapafuni kuliko tumboni. Tone dogo likiingia njia ya pumzi husambaa upesi na kuunguza mapafu. Anayetapishwa anaipitisha petroli karibu na njia hiyo mara ya pili, na maziwa hujaza tumbo na kuleta kutapika.

Basi, mtu akimeza petroli asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta. Aketi wima, asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, avue nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni. Akikohoa, akisinzia au akipumua haraka, apelekwe hospitali papo hapo. Hata aliye mzima aangaliwe kwa saa 6 au zaidi, kwa maana kifua huweza kubadilika baadaye. Mtoto mdogo msimngojee, mleteni tu. Na kumimina petroli hakuhitaji kunyonya: faneli inatosha, au pampu ndogo ya kubinya kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kupoa.

Sasa bomba la dawa. Nozeli ikiziba, mkulima huifungua na kuipuliza kwa mdomo, na dawa humwingia. Kwanza toa upepo wa bomba, vaa glavu, suuza nozeli kwa maji, kisha izibue kwa njiti laini ya ukuti au mswaki mkuukuu uliowekwa kwa kazi hiyo tu. Maji ya kusuuzia yasimwagwe karibu na kisima. Mawe yetu haya ya matumbawe hupitisha maji upesi hadi chini. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.

Dawa nyingi za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Mgonjwa hutokwa mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, misuli hutetemeka, kifua hubana. Naye asitapishwe, avuliwe nguo, aoshwe, aletwe haraka. Hospitali huwa na sindano ya atropini kwa baadhi ya dawa hizo. Dawa ya magugu iitwayo parakwati ni kali zaidi: funda moja huweza kuua, na hatuna dawa ya kuizima. Ndiyo maana nakasirika kila nionapo dawa ya shamba imetiwa katika chupa ya soda na kuwekwa uvunguni, mahali mtoto mwenye kiu anapoweza kuifikia.

Kutoka Kendwa, hospitali ya Kivunge iko karibu kuliko Mnazi Mmoja, ambayo ni safari ya zaidi ya saa nzima. Popote mwendako, njooni na chupa yenyewe ikiwa na kibandiko chake, imefungwa ndani ya mfuko. Mkituambia tu kwamba amekunywa dawa ya shamba, tunabaki kubahatisha, kwa sababu matibabu ya dawa moja siyo ya nyingine.