UTELEZI NDANI YA MUNKOYO: NI VIDUDU GANI?



Mama mmoja alifika kwenye dispansere yetu na bidon ya munkoyo ya siku mbili. Alipoimimina ndani ya kilauri ikavutika sawa maji ya gombo. Bwana yake alikwisha kuinywa mbele ya kwenda kazini, na watoto walikuwa wanangojea yao. Akaniuliza: «Munganga, hii ni sumu?»

Nikamuuliza aliweka sukari wakati gani. Akajibu: siku ya kwanza, ipate kuwa tamu kwa watoto. Jibu lile lilinionyesha njia, lakini halikutosha.

Munkoyo na maziwa ya kuganda vinachachuka kwa kazi ya vidudu, ni kusema mikrobe, vinavyofanya asidi. Kati yao kuna vile ambavyo, vikikuta sukari tunayotia ndani ya chai, vinaikata vipande viwili. Kipande kimoja vinakula. Kingine vinakiunga na vingine, kimoja kwa kimoja, mpaka kuwa mnyororo mrefu nje ya mwili wao. Mnyororo huo ndio utelezi. Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, aliuchunguza ndani ya divai mwaka 1861. Mwaka 1878 kidudu chake kikapewa jina Leuconostoc mesenteroides. Wenye viwanda vya sukari walikichukia, maana kiliziba mabomba yao. Lakini tangu miaka ya 1940 waganga walitumia utelezi wake, uliosafishwa vizuri na kuitwa dekstrani, kwa kumsaidia mgonjwa aliyepoteza damu nyingi. Nako Ufini watu wanakula maziwa yanayovutika, yanaitwa viili, na wanayapenda hivyo.

Basi utelezi si sumu peke yake. Taabu ni kujua nani ameufanya.

Ndani ya laboratwari wanachagua hivi. Wanachukua chakula kidogo, wanakipunguza kwa maji safi mara nyingi, kisha wanapakaa tone moja juu ya sahani ya chakula kigumu sawa jeli, chenye sukari nyingi. Sahani nyingine haina sukari, ya kulinganisha. Wanaziacha siku moja ao mbili kwenye joto karibu digrii 30. Penye kidudu kimoja kunaota kifungu cha vidudu. Kikiwa kinang'aa sawa kamasi, wanakigusa na waya na kuuinua polepole: uzi ukipita milimita 5 mbele ya kukatika, kidudu hicho kinawekwa upande. Hapo kazi inaanza tu! Wanatia alkoli ndani ya maji yake, utelezi unashuka chini, wanaukausha na kuupima. Tena wanatafuta jina la kidudu, kama kinafanya asidi upesi, na kama hakileti ugonjwa. Vile vizuri vinatumiwa kwa kufanya yaourt nzito isiyotoa maji juu.

Dispansere yetu haina sahani hizo. Jicho langu haliwezi kutenga kidudu chema na kibaya, na jicho lako vilevile. Vidudu vya aina nyingine kabisa vinafanya utelezi juu ya nyama na ndani ya mkate unaooza. Kwa hiyo nilimwambia mama amwage. Ilimuuma, ilikuwa litre tano. Bwana yake tulimwangalia siku tatu, hakuharisha.

Nilimwambia pia: maji yachemke kwanza, sukari itiwe ndani ya kilauri, wakati wa kunywa. Na bidon ile? Utelezi unashikamana na ukuta wa chombo na kuvificha vidudu, na mkono hauingii kwenye mdomo mdogo namna ile. Sabuni ya kutikisatikisa haifiki. Sasa anatumia sufuria yenye mfuniko, anaisugua, anaimwagia maji ya moto na kuianika juani. Bidon amewekea petroli ya taa.