JUMATATU: Ukuta Juu ya Nyumba

Soma 2 Mambo ya Nyakati 32:1–8 na Isaya 22:8–11. Watu wa Yerusalemu walijiandaaje kwa vita, na nabii anawakemea kwa kosa gani?

Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Nahman Avigad alifukua Yerusalemu sehemu ya ukuta wa kale wenye unene wa mita 7 hivi. Wataalamu wengi huuhesabu kuwa wa siku za Hezekia, aliyejiandaa kukabiliana na Senakeribu wa Ashuru, aliyeivamia Yuda mwaka 701 K.K. Mahali ulipopita palionekana mabaki ya nyumba zilizobomolewa, kama Isaya alivyoandika. Familia zilipoteza makao ili mji upone.

Isaya hakukemea ujenzi. Alikemea mioyo iliyotazama silaha, maji na kuta, lakini haikumtazama Mungu. Hezekia alijenga, tena aliomba. Na aliyelipiga jeshi la Ashuru hakuwa ukuta, bali malaika wa Bwana (2 Wafalme 19:35).

Akiba, elimu na kazi ni vitu vyema. Je, ni “ukuta” upi maishani mwako unaoutumainia kuliko Mungu? Utajuaje?