Weusi wa Wingu la Mvua

Wako watu katika miji ya pwani wanaodhani ya kwamba wingu la mvua huwa jeusi kwa sababu ndani yake mna kitu cheusi. Wengine husema ni moshi. Wengine husema ni maji yaliyochotwa baharini, nayo yakizidi wingi huwa meusi. Dhana hii si ya wajinga peke yao, na madhara yake si ya maneno matupu, kwani nahodha mwenye kuishika hulichelea wingu jeusi akaliamini jeupe, na huenda hilo jeupe ndilo lenye tufani.

Basi na ijulikane kwanza ya kuwa wingu ni matone ya maji, madogo mno: inchi moja ikigawanywa mafungu 1,000, tone la wingu kwa kawaida halipati upana wa fungu moja. Nuru ya jua ikilipiga tone hili haimezwi, bali hupinda njia yake ikaliendea tone la pili, na la tatu, hata ikatawanyika pande zote. Na kila kitu kitawanyacho nuru pasipo kuchagua rangi, jicho hukiona cheupe. Kioo kizima hakina rangi, lakini kikisagwa unga wake ni mweupe. Na povu la wimbi ni jeupe, hali maji yake ni yale yale.

Ikiwa ni hivyo, weusi watoka wapi? Watoka katika unene. Katika Sura ya Ar-Raad mawingu yametajwa kwa uzito, wala hayakutajwa kwa rangi. Wingu la tufani katika nchi za joto huenda likaanza kiasi cha nusu maili juu ya bahari, na kilele chake kikafika maili 10. Nuru iingiayo kwa juu hurushwa huku na huku na matone yasiyo na hesabu, na iliyo nyingi hurejea juu au hutokea ubavuni. Ifikayo chini ni chache. Kwa hivyo aliye chini huona kivuli ambacho wingu limejitilia lenyewe. Mfano wake ni tanga: likitandazwa mbele ya jua hung'aa, na likikunjwa mara nyingi nuru haipiti, na kitambaa ni kile kile. Na aliye ndani ya ndege, akipita juu ya wingu lilo hilo saa iyo hiyo, huliona jeupe kama pamba.

Mambo ya nuru si mageni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, aliyaandikia Kitab al-Manazir. Na mwanzoni mwa karne ya 14 Kamal al-Din al-Farisi alijaza maji katika tufe la kioo, akalifanya mfano wa tone moja la mvua, akaifuata nuru ndani yake hata akaeleza upinde wa mvua. Ni aibu basi kwa warithi wa watu hawa kuridhika na hadithi ya moshi.

Ama mabaharia, hawa wanahitaji zaidi. Wingu lililosimama mashariki wakati wa alasiri humulikwa usoni na jua la magharibi, likaonekana jeupe na zuri. Lingalisimama pale pale asubuhi, jua likiwa nyuma yake, lingaonekana jeusi. Tufani ni moja. Lenye kutazamwa ni kilele kipandacho upesi kisha kikatandaa kama mwavuli, na ngurumo, na pazia la mvua chini yake. Pamoja na mvua hiyo hushuka upepo wa baridi, nao ukigusa bahari hutawanyika ukaitangulia mvua. Tanga hutuliwa kabla yake, kwani mara nyingi upepo huo hulipiga jahazi kabla ya tone la kwanza, na juu ya chombo jua bado lawaka.