Umemfuata mwenzako Uingereza? Haki ya kufanya kazi unayo

Mmoja amepata kazi Uingereza, mwingine anamfuata. Je, huyu wa pili lazima naye atafute kibali chake cha kazi? Hapana. Ukiingia kama tegemezi wa mtu mwenye viza ya Skilled Worker (mfanyakazi mwenye ujuzi), unaruhusiwa kuajiriwa, kujiajiri na kusoma. Kazi iliyokatazwa ni ya mwanamichezo wa kulipwa au kocha. Huhitaji mwajiri wa kukudhamini, wala idhini ya mumeo au mkeo. Ukiambiwa kwamba yeye ndiye mwenye viza na wewe ukae nyumbani, si kweli.

Tatizo ni kwamba si kila kazi inamruhusu mtu kuhamia na familia. Waliopata viza za kulea wazee na wagonjwa majumbani kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawawezi kuleta mwenza wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 serikali ilifunga kabisa uajiri wa walezi wapya kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kwenda na familia yake. Kwa hiyo wakala anayekuahidi leo kazi ya kulea wazee pamoja na viza ya mkeo anataka hela zako tu. Usimpe hata za fomu.

Kuhusu ndoa, cheti ndicho kinachosema. Kama mlifunga nikahi au ndoa ya kimila na hamkuisajili, isajilini kabla ya kuomba; Kenya, sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, na Tanzania mtaanzia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ambao hawajaoana wanakubaliwa iwapo wameishi katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa miaka 2 au zaidi, na wawe na ushahidi: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, bili, rekodi za kutumiana pesa. Mwenye wake wengi ajue mapema kwamba Uingereza hupokea mke mmoja tu. Ni vizuri familia ikalizungumza hilo nyumbani, kuliko mmoja kulisoma kwenye barua ya kukataliwa.

Gharama huwashtua wengi. Tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na pauni 776 kwa mtoto, na yote hulipwa kwa mkupuo wakati wa kuomba. Viza ya miaka 3 ina maana ya pauni 3,105 kwa mwenza peke yake, mbali na ada ya viza yenyewe. Wenye viza ya wahudumu wa afya hawalipi tozo hiyo, wala tegemezi wao.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Siku hizi viza ni ya kielektroniki. Mwajiri akitaka kuhakikisha unaruhusiwa kufanya kazi, unaingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji, unatoa msimbo unaoanza na herufi W, naye anauhakiki mtandaoni. Kuingia humo kunataka namba ya pasipoti na tarakimu zinazotumwa kwa simu au barua pepe. Kama simu na barua pepe zilizoandikwa ni za mwenzako au za wakala, haki unayo lakini ufunguo anao mtu mwingine. Fungua akaunti kwa namba yako mwenyewe.

Mkiachana, viza yako inaweza kufupishwa, maana imening'inia kwenye yake. Anayepigwa au kuteswa ana njia nyingine: tangu Februari 2024 tegemezi wa wafanyakazi wanaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 inayowawezesha kupata msaada wa serikali, yakiwemo makazi. Ila ombi hilo huondoa viza uliyo nayo, na kwa tegemezi wa mfanyakazi halifungui njia ya ukaazi wa kudumu. Usiijaze fomu hiyo peke yako. Ukiwa hatarini sasa hivi, piga 999 kwanza, kisha mtafute wakili au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority. Kule ni kosa la jinai mtu asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji, hata akiwa ndugu mwema wa kanisani au msikitini, na jina la mshauri unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye daftari la mamlaka hiyo mtandaoni kabla hujamlipa chochote.