Daktari wa kike, ndiyo. Lakini ni bingwa wa nini?

Wengi wetu tulioko Dar es Salaam na Tanga tuna mama, dada na shangazi huko Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Wakipatwa na maradhi ya kike hutupigia simu, nasi hutuma pesa na kuagiza: "Mtafutieni daktari wa kike." Hapo tunaona tumemaliza.

Agizo hilo ni zuri na lina msingi katika dini. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilipokutana Brunei Juni 1993 lilitoa azimio kuhusu jambo hili, na ndani yake mna neno ambalo sisi tunaliruka. Wanazuoni wale hawakusema mwanamke tu, bali tabibu mwanamke aliyebobea katika fani hiyo. Akikosekana, aendewe mwanamke asiye Muislamu anayeaminika; akikosekana naye, mwanamume Muislamu; na mwisho hata mwanamume asiye Muislamu, mradi mume, maharimu au mwanamke mwaminifu awepo.

Sasa ubobezi huo tutaujuaje? Si kwa koti jeupe wala kibao cha mlangoni. Hapa kwetu kila mtu huitwa "dokta": tabibu mwenye stashahada, daktari msaidizi, daktari mwenye shahada, hata muuza duka la dawa! Siwadharau hao wa mwanzo. Madaktari wasaidizi ndio waliofanya upasuaji wa uzazi wilayani kwa miaka mingi. Lakini bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi ni mtu aliyesomea udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha akasomea fani hiyo miaka mitatu au zaidi, kama vile Muhimbili, KCMC au Bugando.

Daftari la wataalamu hao liko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Ulizia kwa jina kamili. Usiishie kwenye "amesajiliwa", kwani tabibu naye huandikwa kwa daraja lake. Uliza amesajiliwa kama nani, ubingwa wake ni wa nini, na leseni yake ingali hai au imekwisha.

Wapo watakaosema huo ni utovu wa adabu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amembebesha dhamana anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu. Basi daktari wa kweli akasirikie nini? Najua bibi wa Mtae hatathubutu kumuuliza daktari cheti chake. Kazi hiyo ni yetu sisi wa mjini, wenye simu na intaneti.

Kwa Lushoto, anzeni hospitali ya wilaya, mkiuliza kama bingwa yupo au anakuja lini. Kama hayupo, ombeni rufaa mapema. Mama aliyekoma hedhi kisha akatokwa damu tena asiwekwe miezi akisubiri bingwa wa kike, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani. Ateremshwe hadi Mombo. Kutoka hapo njia moja inakwenda Bombo, Tanga, na nyingine KCMC, Moshi. Binti yake au mumewe afuatane naye, na aingie naye chumbani.